Tusiziite gundi

Mwaka jana, karibu na mitihani, mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili alipigiwa simu hapa Uingereza na mama yake mdogo wa Tanga. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Siku ya nne tumbo lilikuwa limevimba, na hajapata choo tangu azaliwe. Daktari amesema mwisho wa utumbo hauna neva, lazima apasuliwe. Ndugu za mume nao wameshaanza: huyu mwanamke alikula nini alipokuwa mjamzito? "Mwanangu, si ndiyo mambo unayosoma huko? Hebu nieleze."

Mwenzetu alikuwa amefaulu somo hilo hilo. Kwa Kiingereza angejaza kurasa tatu. Kwa Kiswahili alisema, "Kuna seli... zinatoka... hazikufika," akanyamaza. Hatukumcheka. Hakuna kati yetu ambaye angefanya vizuri zaidi, na sisi ndio tunaojisifu kwamba Kiswahili ni lugha ya nyumbani.

Basi tukakaa, tukajaribu. Chukua kanga: ina mji katikati na pindo pembeni. Katika wiki za mwanzo mgongo wa kiinitete ni kama kitambaa kilichotandikwa. Hujikunja, pindo la kulia likakutana na la kushoto, ukatokea mrija ambao baadaye ni ubongo na uti wa mgongo. Lakini seli za kwenye pindo hazikai hapo. Huachana na jirani zake zikasafiri. Nyingine huenda kutia rangi ngozi, nyingine hujenga mifupa ya uso, nyingine huwa neva. Zinazokwenda tumboni zina safari ndefu kuliko zote: huondoka upande wa shingo, huingia utumbo kwa juu wiki ya nne, hufika mwisho kama wiki ya saba. Zikikwama njiani, kipande cha mwisho hakilegei na choo hakipiti. Ndio ugonjwa wa Hirschsprung, unaompata takriban mtoto 1 kati ya 5,000.

Safari hii si hadithi ya kubuni. Mwaka 1969 Nicole Le Douarin wa Ufaransa aligundua kwamba kiini cha seli ya kware kina doa linaloonekana kwa hadubini, la kuku halina. Akapandikiza seli za kware ndani ya kiinitete cha kuku, kisha akatazama zimefika wapi.

Wiki ya saba wanawake wengi hata kliniki hawajaanza. Kinachotajwa zaidi ni jeni, hasa ile iitwayo RET, na jeni hutoka kwa baba pia. Hilo la mwisho mama mdogo alilipenda sana.

Sasa ugomvi wetu. Zikifika, baadhi ya seli za pindo huwa neva, nyingine huwa glia. Jina hilo alilitoa Rudolf Virchow mwaka 1856, kutokana na neno la Kigiriki la gundi, kwa kudhani kazi yake ni kushikanisha tu. Katika orodha ya istilahi ya klabu yetu mtu ameandika "seli gundi". Tunaomba lifutwe. Seli hizi huzungushia neva utando ili ujumbe upite haraka, na huzilinda zisife. Mwaka 2009 Igor Adameyko na wenzake walionyesha, kwa panya, kwamba seli changa za aina hii zinazofuatana na neva hadi ngozini huweza kugeuka seli za rangi. Gundi gani hiyo? Sisi tunapendekeza "seli walezi", na kwa zile za mwanzo "seli za pindo". Kwa nini tuhamishe kosa la Virchow, la zaidi ya miaka 160, tulilete kwetu likiwa jipya?

Mwalimu wetu mmoja anasema kuunda istilahi ni kazi ya BAKITA, si ya watoto wa miaka ishirini. Shikamoo mwalimu. Tutalipokea neno la BAKITA siku likija, lakini simu ile ililia usiku na ilitaka jibu usiku ule ule.

Mtoto alipasuliwa. Kipande kisicho na neva kilitolewa, chenye neva kikashushwa chini, na sasa anakula uji. Mama mdogo huwaambia majirani kwamba seli za mjukuu wake zilikosa basi la mwisho.