Daftari la Wiki: Honor Harrington na Wasomaji Wake

Toll of Honor, riwaya ya David Weber iliyotoka Aprili 2024, inawarudisha wasomaji katika miezi ya mwanzo ya vita kati ya Ufalme wa Manticore na Jamhuri ya Watu wa Haven. Sehemu ya matukio hayo walishayasoma katika Field of Dishonor ya mwaka 1994. Safari hii yanaonwa pia na ofisa kijana, Brandy Bolgeo, ambaye hayumo miongoni mwa vigogo wa jeshi la anga za mbali. Mapokezi yaligawanyika. Kuna waliofurahi kurudi enzi ambayo Honor Harrington, mhusika mkuu wa mfululizo, alikuwa bado nahodha wa manowari moja, hajawa admirali wala mtu wa kuketi na malkia. Kuna pia waliosema kwamba wamelipia mara ya pili habari wanayoijua kwa moyo, ilhali hadithi yenyewe imeachwa njiani.

Lalamiko hilo la pili lina historia. A Rising Thunder ya mwaka 2012 na Shadow of Freedom ya 2013 zilitokana na kazi moja iliyorefuka hadi ikalazimika kugawanywa, na ya kwanza inakatika ghafla, kana kwamba mtu amefunga mlango katikati ya mazungumzo. Mwaka 2016 ikaja Shadow of Victory, kitabu kinene kinachopita tena katika miezi ambayo vitabu vilivyotangulia vilikwisha kuipita, sasa kutoka upande wa sayari zinazoasi. Baadhi yake zina majina ya Kipoland na Kicheki, na wengi walichoka kuwashika wahusika wapya waliofuatana sura baada ya sura. Uncompromising Honor ya 2018 ilipomaliza vita vya Manticore dhidi ya Shirikisho la Sol, adui aliyekuja baada ya Haven, kauli iliyotawala ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo: hatimaye hadithi imesogea.

* * *

Shutuma inayosikika kuliko zote juu ya vitabu vya baadaye ni wingi wa mikutano. Mawaziri wanaketi, maadmirali wanaketi, wabaya nao wanaketi, na kila kikao kinaeleza upya yaliyosemwa katika kikao kilichopita. Mara nyingi hitimisho linalotolewa ni kwamba wasomaji hawa wanataka mizinga zaidi. Vitabu vyenyewe vinaonyesha vingine.

Katika kitabu cha kwanza, On Basilisk Station, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, Harrington anapewa Fearless, manowari ndogo iliyopunguziwa silaha zake za kawaida ili ibebe silaha mpya isiyofaa mpaka adui awe karibu sana. Mwishoni anaifukuza meli ya Haven inayojifanya ya mizigo huku imeficha silaha nzito, na mabaharia wake wanakufa mmoja baada ya mwingine. Katikati ya mbio hizo mtunzi anasimama na kueleza, kwa kurasa kadhaa, historia ya usafiri kati ya nyota. Ni mahali pabaya kabisa pa kuweka somo, na wasomaji wamelisema hilo kwa miongo mitatu. Hata hivyo hawakukiweka kitabu chini. Kilichowashika ni hofu: hakuna aliyejua kama Fearless itarudi.

Field of Dishonor ni ushahidi mkubwa zaidi. Hakina mapigano makubwa ya vikosi. Kina mahakama ya kijeshi, siasa za bungeni, na mapambano ya bastola ya watu wawili wawili. Paul Tankersley, mpenzi wa Honor, anauawa hapo na muuaji wa kukodiwa. Wapo wasomaji wengi wanaokiweka kitabu hiki juu ya vile vilivyojaa makombora.

Sasa tazama A Rising Thunder. Shirikisho la Sol linaleta manowari kubwa za kivita zaidi ya 400 kuishambulia Manticore, idadi ambayo kitabu cha kwanza kisingeweza hata kuiota. Lakini makombora ya Manticore yamekwisha kuwa na masafa na shabaha ambayo adui hana njia ya kuyafikia, na msomaji anajua matokeo kabla ya kombora la kwanza kufyatuliwa. Mikutano inachosha kwa sababu hiyo hiyo. Bunge lilikuwapo tangu mwanzo na halikumchosha mtu, maana uamuzi wake ungeweza kumgharimu Honor kila kitu.

* * *

At All Costs ya mwaka 2005 ndiyo iliyoleta majonzi ya kweli. Katika Mapigano ya Manticore wanakufa watu ambao wasomaji walikuwa nao kwa zaidi ya mwongo mmoja, akiwemo Alistair McKeon, aliyekuwa ofisa wa pili wa Fearless katika kitabu cha kwanza na ambaye uaminifu wake ulipatikana kwa taabu. Wengi walimlilia kama ndugu, na kilio hicho kinastahili heshima.

Honor mwenyewe alipangiwa kufa humo. Weber alimjenga kwa kumtazama Hornblower, baharia wa riwaya za C. S. Forester, na Admirali Nelson, aliyeuawa Trafalgar mwaka 1805 katika saa ya ushindi wake. Weber ameeleza hadharani kwamba mpango ulibadilika kwa sababu ya Eric Flint, aliyeandika naye Crown of Slaves ya 2003: Flint alihitaji adui wa siri aletwe mapema, na vita ambavyo vingeangukia kizazi cha watoto wa Honor vikamwangukia yeye. Wasomaji hawajakubaliana kama huko kunusurika kulikuwa heri kwa mfululizo. Kwa mhusika, bila shaka.

* * *

Mchapishaji, Baen, kwa miaka mingi ameuza nakala za kielektroniki ambazo hazijasahihishwa, miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka, kwa dola 15. Kwa hiyo maoni huja kwa mawimbi mawili, na wimbi la kwanza ni la wale waliokubali kulipa zaidi ili wapate kitabu chenye makosa ya chapa.

* * *

Mapokezi hayaishii katika kusifu na kulaumu. Wasomaji waliokaa na kalamu walichukua urefu na uzito wa manowari kama ulivyotajwa katika vitabu vya mwanzo, wakakokotoa, wakagundua kwamba meli hizo za kutisha zingekuwa nyepesi karibu na moshi. Weber hakuwapuuza. Kundi la wasomaji wa aina hiyo, BuNine, lilishirikiana naye kuandaa House of Steel, kitabu cha marejeo cha mwaka 2013, na vipimo vikarekebishwa. Manowari zikafupishwa, uzito wake ukabaki ule ule.