Bei ya Nyumba Si Gharama Yake

Nyumba mpya ina hila yake: inanukia rangi. Mtu akishaingia sebuleni, akapapasa vigae, akafungua na kufunga mlango mara mbili, moyo umekwisha kuhamia humo. Dalali analijua hilo, ndiyo maana hakupeleki kwanza nyuma ya nyumba kwenye shimo la maji taka.

Nenda mwenyewe. Fungua bomba, likikohoa hewa tu, uliza bomba kuu la shirika la maji liko umbali gani na ni nani atakayelipia kulifikisha uani. Uliza mita ya umeme iko kwa jina la nani.

Kisha keti uhesabu. Chukua nyumba ya shilingi za Uganda milioni 200, iwe Bugembe kule Jinja au chini ya mlima Wanale kule Mbale. Ushuru wa stempu wa kuhamisha hati ni asilimia 1.5, yaani milioni 3, na anayelipa ni wewe mnunuzi. Wapo wajanja wanaoandika bei ndogo kwenye mkataba, lakini ushuru hufuata tathmini ya serikali: mthamini akisema milioni 240, utalipa milioni 3 na laki 6. Ukikopa benki, ongeza ada za benki yenyewe na bima. Mlipe na wakili. Wakili wako, nasema, si yule aliyeletwa na muuzaji!

Upekuzi wa hati, unaofanyika ofisi ya ardhi ya kanda, Jinja au Mbale, ndio wenye gharama ndogo kuliko yote, na ajabu ni kwamba ndipo watu wanapobania. Humo utajua kama ardhi ina zuio au rehani, na kama ni ya kupanga, imebakiza miaka mingapi. Kuta mpya juu ya mkataba wa ardhi wa miaka 5 unaokaribia kwisha ni mbuzi kwenye gunia.

Tazama pia maji ya Mungu. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, ikaua watu na kubomoa nyumba. Jinja nako, kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka ufuko wa Ziwa Victoria na mita 100 kutoka ukingo wa Nile. Mandhari ya ziwa ni mazuri. Tembea na futi ya kupimia.

Basi, kabla ya kutoa arabuni, mwombe muuzaji aandike kwenye karatasi moja kila kilichomo katika bei na kila kisichokuwemo, atie sahihi. Akikataa, mwachie nyumba yake.