Satelite haioni reli: meri, SNCC na wenye makamyo, mutusikilize

Wananchi wa Likasi, ndugu na dada wa Kikula, wa Panda, wa Shituru na wa katikati ya muji,

Ile sauti munaijua. Mwanamke ndani ya telefone anasema kwa Kiingereza ugeuke kushoto, na shofere anageuka kushoto. Kamyo kubwa na remorque yake inaingia ku avenue nyembamba, bamama wanaokota beseni za mboga wanasogea, batoto wanakimbia kuona. Shofere anatoka Dar es Salaam, ao Ndola, ao Johannesburg, hajawahi kufika huku. Mbele yake kuna reli, hakuna bariere, hakuna alama. Kurudi nyuma hawezi, basi anapita polepole, remorque inakwaruza chuma. Treni haikuwako saa ile. Tunacheka, tunapiga picha, kila mtu anaenda kwake.

Sisi vijana hatutaki kungojea siku ambayo treni itakuwako.

Tuanze na jambo moja ambalo halitapendeza watu wengine: si kosa la shofere peke yake. Mu muji wetu ni rahisi kusema "hawa bageni hawajue njia". Ndiyo, hawaijui. Nani aliwaonyesha? Shaba na kobalti za Kolwezi zinateremka kwa RN1, zinapita Likasi, zinapita Lubumbashi, zinatoka Kasumbalesa, zinaenda mpaka Dar es Salaam, Beira, Durban. Asidi, chokaa na mafuta vinapanda kwa njia ileile. Mtu anaendesha siku nyingi, mutambo unapata panne, ao foleni inakuwa ndefu, ao anatafuta parking na depo fulani. Anafungua telefone. Telefone inampa njia fupi. Yeye amelipa péage, amelipa taxe, amelipa na vingine ambavyo havina reçu, na mu pesa zote hizo hakuna aliyempa hata karatasi moja inayosema: kamyo nzito zipite hapa, hapa hapana.

Na watu wengi hawajui vile ile GPS inafanya kazi. Wanazani satelite iko juu inatuangalia, inaona barabara, inaona reli, inaona treni inakuja. Satelite haioni kitu. Ziko juu kilometre 20 000 na zaidi, zinatuma tu alama za saa, na telefone inapiga hesabu ijue iko wapi. Basi, ni ile tu. Mambo mengine yote, njia, jina la avenue, mahali pa kugeuka, yanatoka ku ramani ambayo mtu alichora. Kama aliyechora hakuweka reli, ama aliiweka kama kamstari tu bila kuonyesha mahali barabara inaivuka, telefone itanyamaza kimya. Tena hesabu ile inaweza kukosea metre kadhaa. Mahali barabara inafuatana na reli, metre kadhaa ni kitu kikubwa. Na programu nyingi za bure zilifanywa kwa gari dogo: hazijui kama umebeba tani 30, hazijui remorque yako inahitaji nafasi gani ya kugeuka, hazijui kama tumbo la remorque litakwama juu ya reli iliyoinuka.

Musiseme ni mambo ya inchi maskini. Tarehe 24 Februari 2015, kule Oxnard, California, mbele jua halijatoka, mtu mmoja alikuwa anaendesha gari lenye remorque akifuata ramani ya telefone. Ilimwambia ageuke kuume. Akageuka kabla ya kufika ku barabara yenyewe, akaingia juu ya reli. Gari likakwama, akatoka akaliacha, treni ya abiria ikaligonga. Mwendeshaji wa treni alikufa siku chache nyuma. Kule kulikuwa bariere, taa, alama, rangi chini. Wachunguzi wa serikali ya Marekani hawakumaliza kwa kusema "shofere mjinga". Desemba 2016 waliandikia makampuni zaidi ya kumi ya ramani na ya usafirishaji, wakawaambia waingize mahali pote barabara inavuka reli ndani ya ramani zao, na sauti iwaonye mashofere. Miaka imepita. Ku muji wetu sauti ile bado haijasikika.

Sasa turudi nyumbani. Reli haikutukuta hapa, sisi njo tulikuta reli. Ilifika Elisabethville mwaka 1910, ikafika Kambove 1913, na muji wetu ukakua pembeni yake na pembeni ya viwanda vya Shituru. Hata lile jina la zamani, Jadotville, lilikuwa la injinia wa reli. Baba zetu na babu zetu wengi walikula mkate wa BCK, kisha wa SNCC. Kwa hiyo hatuandiki juu ya kuchukia treni. Tunaipenda. Tunataka zipite nyingi, juu kila tani inayopanda treni ni tani moja inayotoka ku RN1.

Lakini hatari yenyewe iko pale. Treni zimekuwa chache mpaka watu wamesahau kama reli ni njia ya kitu. Tunakausha mihogo juu yake, tunauzisha makala pembeni, batoto wanaifuata kwenda masomo. Mtu akivuka mara mia bila kuona treni, ile mara ya mia na moja hataangalia. Shofere mgeni yeye anaona majani yameota katikati ya vyuma, anazani reli imekufa. Na treni nzito haisimame kama taxi. Mwendeshaji akikamata frein, inaweza kuhitaji kilometre moja ao zaidi mbele ya kusimama. Atakuona, atapiga honi, na atakugonga vilevile. Novemba 2023, kule Manyoni, inchi ya Tanzania, basi la abiria liligongana na treni ya mizigo mahali pa kuvuka, watu zaidi ya kumi wakafa. Basi moja tu.

Sasa fikirini kamyo ya asidi. Mwezi wa Februari 2019, karibu na Kabwe, ku njia ya Kolwezi, kamyo ya asidi iligongana na basi. Watu 18 ao zaidi walikufa, wengine waliunguzwa na ile maji. Pale hakukuwa treni, na ilikuwa kijiji. Weka ajali ya namna ile mu kartiye yenye nyumba zinazogusana, pembeni ya kisima, saa bamama wanarudi soko. Sitaendelea, munaelewa.

Kwa hiyo tunaomba nini? Hatuombi rond-point yenye sanamu. Ku SNCC tunaomba mambo ya bei ndogo: mahali pote pa kuvuka pajulikane na papewe namba, ule musalaba wa Saint-André urudi na rangi inayoonekana usiku, majani yakatwe ili mtu aone mbali, na mahali ambapo makamyo yanapita sana awekwe mlinzi mwenye bendera saa treni inapokaribia. Marekani kila mahali pa kuvuka pana kibao kidogo cha bluu chenye namba ya telefone na namba ya mahali. Kamyo ikikwama, unapiga, wanasimamisha treni. Kibao kina bei gani? Telefone ya zamu ina bei gani? Likasi iko na vijana wa soudure ambao wangetengeneza vibao vile kwa wiki moja.

Meri nayo itoe arrêté yenye kusema njia gani ni za makamyo na njia gani hapana, halafu iiandike ku mabango pale muji unapoanza, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Arrêté ikifichwa mu kabati haimsaidie mtu. Ku péage kila shofere apewe ramani ya karatasi pamoja na reçu yake. Na ile tabia ya kusimamisha kamyo juu ya reli ao hatua tatu mbele yake ili "kuona documents", hiyo iishe leo. Hakuna documents zenye uzito wa tani elfu moja za treni.

Kwa makampuni ya mine na wenye makamyo: munajua kila kilo ya cathode iko wapi, munafuatilia makamyo yenu ku ecran saa 24. Basi munaweza pia kumuandikia shofere njia yake mbele hajatoka.

Na ninyi mashofere, wengi munasoma Kiswahili, ni ndugu zetu. Mukifika ku reli, simamisha, zima muziki, shusha kioo, angalia pande zote mbili, kisha pita bila kubadilisha vitesi katikati. Kama mbele yako kuna gari limesimama na nafasi ya kukutosha hakuna, usipande juu ya reli. Ukikwama na treni inakuja, acha kamyo. Kimbia mbali na reli lakini upande ule treni inatokea, juu vyuma na mizigo vitatupwa upande mwingine. Kamyo ina mwenyewe na ina assurance.

Sisi wenyewe hatutakaa tu kuandika barua. Kuna ramani inaitwa OpenStreetMap, haina bosi, mtu yeyote anaweza kuingia akaongeza kitu, na programu nyingi za mashofere zinachukua ramani zao pale. Kuweka alama kwamba barabara hii inavuka reli hapa kunaomba telefone moja na dakika chache. Tumeamua kutembea kwa miguu reli yote inayokata muji, pamoja na matawi yanayoingia ku viwanda, na kuweka alama ku kila mahali pa kuvuka, hata tunjia tudogo twa pikipiki. Orodha yenye picha tutaipeleka ku meri na ku ofisi ya SNCC, na nakala itabaki hapa ili kila mtu aione.

Kama nyumba yako iko karibu na reli, tuletee jina la avenue na saa treni inapendaka kupita. Na wazee waliofanya kazi ku reli, tunawaomba sana mutembee pamoja na sisi, hata kama ni kilometre moja tu. Ninyi njo munajua mahali reli inapinda na treni haionekane mpaka imefika.