Mgeni Aliyemponza Mwenyeji

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa ndege wa visiwa vya Shelisheli mambo yamekuwa kinyume, kwani mara nyingi mgeni amefika na mwenyeji ameangamia.

Mwaka 1949 bundi waliletwa visiwani humo ili wale panya. Bundi hao hawakutosheka na panya. Waliona membe weupe, ambao hutaga yai moja tu juu ya tawi tupu pasipo kiota, kuwa ni windo jepesi zaidi. Hua wa Bukini naye hakuua mtu. Alizaana na hua wa Shelisheli mpaka damu ya wenyeji ikakaribia kumezwa kabisa.

Sababu ya udhaifu huu ni moja. Ndege wa kisiwani ameishi vizazi na vizazi bila adui, basi hajui kukimbia wala kuficha kiota. Na akizidiwa, hana mahali pa kuhamia. Ndiyo maana paka na panya walioshuka kutoka merikebuni wamewaua wengi kuliko hata ndege wa kigeni. Katika miaka ya 1960 ndege mweusi mwenye baka jeupe bawani, ambaye Wakrioli humwita pi santez, alisalia katika kisiwa cha Frégate peke yake, nao hawakufika 20. Aliokolewa kwa kuondolewa paka na kuhamishiwa visiwa vingine salama.

Kasuku wa kijani wa Shelisheli hakuipata bahati hiyo. Wakulima walimwua kwa kulinda mahindi yao, na mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa amekwisha kutoweka. Baadaye kasuku wengine wa kijani, waliofugwa vizimbani, walitoroka wakazaliana katika kisiwa cha Mahé. Ilihofiwa kwamba wangevuka hadi Praslin na kumdhuru kasuku mweusi, ambaye ni ndege wa taifa. Wakasakwa mmoja mmoja kwa miaka kadhaa, na mwaka 2019 ikatangazwa kuwa wamekwisha.

Kazi hiyo yote ilitokana na mlango wa kizimba. Kwa hiyo kila nyumba yenye ndege wa kufuga, hasa kambini ambako watu huhamishwa mara kwa mara, haina budi kukumbuka kwamba kumwachilia ndege mgeni porini si huruma. Asiyeweza kusafiri naye na ampe jirani atakayemtunza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.