Paa Bapa na Umeme wa Jua

Twasikia baadhi ya wanachama wakisema kwamba kwetu jua hupita utosini, basi paneli za umeme wa jua zilazwe juu ya paa kama karafuu jamvini. Sisi hatukubali.

Tuwatazame wenzetu wa kahawa huko Moshi, ambao ushirika wao, KNCU, ni wa tangu 1933. Mji wao uko kiasi cha digrii 3 kusini mwa ikweta. Unguja ni 6. Huko nako jua hupita utosini, lakini paneli iliyolazwa hushika vumbi la kiangazi, na maji ya masika hutuama juu yake yakaacha tope. Yafaa iinuliwe digrii 10 hivi, itazame kaskazini, yaani kwao upande wa Mlima. Isiinuliwe mno, kwani miteremkoni, Kibosho na Marangu, mawingu ni mengi, na nuru hutoka mbingu nzima. Chini yake upepo upite, maana paneli ikipata joto hupunguza umeme.

Tena zege lisitobolewe ovyo. Fremu zikandamizwe kwa matofali mazito, baada ya fundi kuhakikisha paa laweza kuyachukua. Umeme ni neema, lakini paa likivuja, karafuu zilizo ghalani huota ukungu. Kazi ya kwanza ya paa ni kuzuia mvua.