Jina si kazi: tusome majina ya vipuri kabla ya kutoa feza

Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunafundishwa mapema kwamba jina la kitu si kitu chenyewe. Mwalimu anatueleza kwamba hakuna uhusiano wa lazima kati ya sauti za neno na maana yake. Tunaandika, tunafanya mtihani, tunapita. Halafu tunashuka mjini kununua kompyuta, na somo lote linabaki katika auditwari. Mbele ya muuzaji tunanunua jina.

Wazo langu ni hili: kuchagua vipuri vya kompyuta ya michezo yenye nguvu ni kazi ya kusoma lugha kabla ya kuwa kazi ya fundi. Na kama ni kazi ya lugha, kitivo chetu kina wajibu ndani yake.

Hapa Lubumbashi mashine ya namna hiyo si kitu cha mtu mmoja tajiri tu. Mara nyingi ni akiba ya miezi mingi, ya watu kadhaa: marafiki watatu wanaotaka kufungua chumba cha michezo pale Katuba au Kenya, au ndugu wawili wanaochangia ili mmoja ajifunze kutengeneza filamu na picha. Feza ikishatoka, kipuri kisichofaa hakirudishwi. Kosa la kusoma linakuwa deni la familia.

Tuanze na neno linalouza kuliko yote: i7. "Yaya, hii ni i7!" Mnunuzi anatikisa kichwa, maana 7 ni kubwa kuliko 3. Lakini i7 ni cheo ndani ya kizazi kimoja, si nguvu ya milele. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011 ikiwa na viini vinne. Core i3-12100 ilitoka mwaka 2022, nayo ina viini vinne, na inaiacha mbali ile i7 ya zamani kwa kasi ya kila kiini. Anayesikia "i7" na kuacha tarakimu zinazofuata amesoma kiambishi akaacha mzizi. Kwa neno letu "watatuandikia", ni kama kusikia "wa-" na kuamini umeelewa nani atafanya nini, lini na kwa ajili ya nani.

Majina ya kadi za michoro yana mofimu zilizo wazi zaidi. Chukua RTX 4070 Ti Super ya Nvidia. RTX ni jina la ukoo. 40 ni kizazi. 70 ni cheo ndani ya kizazi hicho: 60 iko chini yake, 80 na 90 ziko juu. Ti ni kiambishi cha kuongeza, na Super ni cha kuongeza juu ya Ti. Hadi hapo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuchambua jina hilo kwa dakika mbili, kisha akaenda nalo sokoni.

Tofauti na sarufi yetu ni kwamba sarufi hii ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeuza. Kiswahili hakina mtu anayeweza kuamka asubuhi na kuamua kwamba kiambishi cha kutendea hakimaanishi tena kutendea. Kampuni inaweza. Septemba 2022 Nvidia ilitangaza kadi mbili kwa jina moja la RTX 4080: moja ya gigabaiti 16, nyingine ya gigabaiti 12. Msomaji wa kawaida angedhani tofauti ni kumbukumbu peke yake. Kumbe kadi ndogo ilikuwa na viini 7,680 na kubwa 9,728. Ndani zilikuwa kadi mbili tofauti. Watu walilalamika sana, na mwezi wa Oktoba kampuni ikaiondoa ile ndogo ikikiri kwamba jina halikuwa sawa. Januari 2023 ikarudi ikiitwa RTX 4070 Ti. Kwa jina la kwanza bei iliyotangazwa ilikuwa dola 899. Kwa jina la pili, dola 799. Kwa hiyo tunajua bei ya tarakimu moja katika jina: dola 100.

Mara nyingine hakuna anayelalamika vya kutosha. RTX 4090 ya kompyuta ya mezani ina gigabaiti 24 za kumbukumbu. RTX 4090 ya kompyuta ya mkononi ina 16, na chipu yake ni ndogo zaidi, ya familia ile ile ya RTX 4080 ya mezani. Jina ni moja, kitu si kimoja. RTX 4060 Ti iliuzwa ya gigabaiti 8 na ya gigabaiti 16. Kwa upande wa AMD, prosesa ya kompyuta ya mkononi inayoitwa Ryzen 5 7520U ina 7 mwanzoni kama za mwaka wake, lakini ndani yake kuna usanifu wa Zen 2, uliotoka mwaka 2019. Anayejua tu kwamba tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja usanifu ndiye anayeona.

Hata pale jina linapokuwa la kweli, cheo hakisemi kazi. Ryzen 9 7950X ina viini 16 na imepangiwa wati 170. Ryzen 7 7800X3D ina viini 8 na imepangiwa wati 120. Kwa kutafsiri video au kukusanya programu kubwa, 9 inashinda. Kwa michezo, 7 ndiyo inayoshinda kwa jumla, kwa sababu ya zile herufi za mwisho: X3D maana yake ni kwamba kumbukumbu ya karibu imepangwa kwa ghorofa juu ya chipu, na inafika megabaiti 96. Herufi mbili tatu ambazo wengi hawazitazami zinabeba maana kuliko tarakimu inayotajwa kwa sauti.

Basi tuchague namna gani? Naona mpangilio unaofaa ni kuanza na kazi, si na jina.

Kwanza skrini. Skrini ya nukta 3840 kwa 2160 ina nukta mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080. Kadi inayotosha kabisa kwa ya pili inaweza kushindwa na ya kwanza. Asiyejua atatumia skrini gani hawezi kujua kadi gani inamtosha, na atalipia nguvu ambayo macho yake hayataiona.

Pili kadi, nayo uitazame kwa kumbukumbu, idadi ya viini na wati zake, yote matatu yakiwa yameandikwa mbele yako. Kadi iliyotumika iwekwe ndani ya mashine na kupimwa kwa programu kama GPU-Z kabla ya kulipa. Wapo wanaoandika jina jipya ndani ya kadi ya zamani, ili mashine yenyewe iidanganye macho. Programu hiyo inatazama chipu badala ya kuridhika na jina.

Tatu prosesa, inayolingana na kadi. Kadi kubwa pamoja na prosesa dhaifu ni kama lori kubwa nyuma ya mkokoteni katika barabara nyembamba. Pamoja nayo nunua vipande viwili vya RAM vinavyofanana kuliko kimoja kikubwa, maana viwili hupitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Nne, na kwetu hii ningeiweka hata juu zaidi, kisanduku cha umeme. Wengi hukinunua mwisho kwa feza iliyobaki. Huko Ulaya labda mtu anaweza kukisahau. Hapa umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, na volti 220 za kwenye karatasi si zile za ukutani. Hapa pia kuna jina la kusoma. Kisanduku kimeandikwa "600 W" kwa herufi kubwa, lakini kadi na prosesa hula karibu kila kitu kutoka kwenye mstari wa volti 12. Geuza kisanduku, tafuta mstari huo, zidisha 12 kwa idadi ya ampea. Kama ni ampea 25, una wati 300, hata kama mbele kuna mia sita. Tafuta pia alama ya 80 Plus, inayosema ni sehemu gani ya umeme inafika kwenye vipuri badala ya kupotea kama joto.

Hesabu ya wati ndiyo inayopaswa kuamua ukubwa wa ndoto. RTX 4060 imepangiwa wati 115. RTX 4090 imepangiwa 450, peke yake, bila prosesa na skrini. Mwenye jenereta ndogo au betri na inveta atacheza saa nyingi na ya kwanza. Na ya pili atasikiliza jenereta. Kwa chumba cha michezo chenye viti vinne, mimi ningenunua mashine nne za wastani na kifaa cha kusawazisha umeme kabla ya kununua mashine moja ya kuonyesha. Na kwa sababu ya vumbi la kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Septemba, ningechagua boksi lenye vichujio vinavyotoka na kuoshwa, si boksi lenye taa za rangi.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza: michezo ni kupoteza wakati, jarida la kitivo cha lugha lina habari gani nayo? Jibu liko katika historia ya kadi hizi. Mwaka 2012, huko Toronto, mfumo wa AlexNet uliobadilisha kazi ya kutambua picha ulifundishwa kwa kadi mbili za GTX 580, kadi za michezo zenye gigabaiti 3 kila moja. Leo programu ya Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, inageuza sauti kuwa maandishi. Toleo lake dogo linataka takriban gigabaiti 2 za kumbukumbu ya kadi, la kati 5, na kubwa 10. Kiswahili na Kilingala zimo ndani yake. Kibemba na Kiluba hazimo. Anayetaka ziingie atahitaji rekodi, watu wa kuzinukuu, na mashine yenye kadi ya michezo. Mashine ambayo kijana wa Katuba anaota kwa ajili ya mpira wa kwenye skrini ndiyo hiyo hiyo ambayo mtafiti wa lugha zetu anaihitaji. Kitivo kitakaponunua kompyuta ya maabara, afadhali wanunuzi wasidanganywe na boksi la ofisi lenye i7 ubavuni na bila kadi ndani.

Pingamizi ya pili: majina haya ni ya Kiingereza, maelezo yako kwa Kifaransa, Kiswahili kitaongeza nini? Kitaongeza maana. Tunaposema "alimentation" tunataja kitu. Tunaposema "kisanduku cha umeme" tunataja kazi yake, na mama anayetoa feza anaweza kuuliza swali: umeme kiasi gani? Neno linaloeleweka linampa mnunuzi haki ya kuuliza. Neno lisiloeleweka linamwachia muuzaji haki hiyo. Simlaumu muuzaji, mara nyingi naye amepewa karatasi asiyoielewa, na anarudia tarakimu kama alivyozisikia.

Ninapendekeza jambo moja dogo linalowezekana mwaka huu. Wanafunzi wa mofolojia na wa istilahi wafanye kazi ya pamoja: karatasi moja, pande mbili. Upande wa kwanza, sarufi ya majina: kizazi, cheo, viambishi, na mifano ya majina yanayopotosha. Upande wa pili, maswali sita ya kumwuliza muuzaji, kwa Kiswahili ambacho watu wa mji huu wanakisema. Skrini gani? Kadi ina gigabaiti ngapi na viini vingapi? Inakula wati ngapi? Prosesa ni ya mwaka gani? Mstari wa volti 12 una ampea ngapi? Naweza kuipima kabla ya kulipa? Kabla ya kuchapa, tuipeleke kwa mafundi wa mjini waikosoe, maana wao ndio wanaojua maneno yanayoishi.

Mkoa wetu unatoa shaba na kobalti zinazokwenda mbali na kurudi zikiwa mashine. Bei ya madini hatuipangi, na majina ya mashine hatuyapangi. Kusoma majina hayo kwa makini, hilo liko mikononi mwetu, na ndiyo kazi tuliyoandikishwa hapa kujifunza.