Cheti cha Fundi na Umeme wa Paneli

Lusewa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Songea kabla ya Namtumbo kufanywa wilaya mwaka 2002. Katika miaka iliyofuata, umeme umekuwa ukiingia vijijini Ruvuma kwa njia mbili. Ya kwanza ni nguzo: mwaka 2019 ulizinduliwa msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, mkoa ukaondokana na utegemezi wa majenereta ya dizeli. Njia ya pili haikungoja nguzo. Ni paneli za sola, ambazo hununuliwa dukani, zikapachikwa juu ya bati na kuungwa na fundi aliye karibu.

Fundi huyo huenda ana cheti cha majaribio ya ufundi, Daraja la Tatu, alichokipata miaka mingi iliyopita. Alikipata kwa haki. Lakini ufundi wa umeme wa majumbani aliopimwa ulihusu hasa mkondo geu, yaani umeme wa nguzo unaobadili mwelekeo daima. Paneli na betri hutoa mkondo mnyoofu, na hapo ndipo mazoea ya mkono yanapoweza kumponza.

Mkondo geu wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kila sekunde. Swichi inapozimwa, cheche inayoruka baina ya ncha zake hupata nafasi ya kufa. Mkondo mnyoofu haupiti sifuri. Paneli kadhaa zikiungwa kwa mfululizo, tuseme kwa ajili ya pampu ya maji, volti zaweza kuzidi mia. Cheche katika swichi isiyofaa huendelea kuwaka, huyeyusha plastiki, na juu yake kuna mbao za paa. Kwa paneli moja ndogo ya volti 12 hatari ya cheche ni ndogo, ila kuna nyingine. Mzigo wa wati 120 kwa volti 12 huvuta ampea 10; mzigo uo huo kwa volti 230 huvuta kiasi cha nusu ampea tu. Waya uliotosha taa ya nguzo utapata moto. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kulihakiki jambo hili kwa kugawanya mara moja.

Nchini Uingereza kanuni za kutandaza nyaya zilichapishwa kwanza mwaka 1882, na mwaka 2018 likatoka toleo la 18. Litokapo toleo jipya, mafundi wa huko hurudi kufanya mtihani mfupi juu yake, hata wenye mvi. Huku kwetu cheti cha ufundi hakina mwisho, lakini leseni ya EWURA ya kufunga umeme ina muda wake. Siku ya kuhuisha leseni yafaa iwe pia siku ya kupimwa upya, kwa maswali machache ya yale yaliyobadilika tangu mara ya mwisho.

Watasema wengine kwamba mtihani hauwezi kukimbizana na kila kifaa kinachoshushwa bandarini. Ni kweli, wala haupaswi. Karakana nyingi za mafunzo hazina uwezo wa kununua vifaa vipya kila mwaka, na mashine kuukuu ya kusaga bado yahitaji mtu wa kuitengeneza. Mtihani unaodai majina ya vifaa vipya utachakaa upesi kuliko ule wa zamani. Kinachodumu ni hesabu ya ampea, unene wa waya, na uwezo wa kutafuta hitilafu kwa mpangilio.

NACTVET, iliyokabidhiwa usimamizi wa viwango vya ufundi stadi mwaka 2021, yaweza kuanza na swali moja la vitendo. Mtahiniwa awekewe mezani paneli, betri, nyaya za unene tofauti na swichi mbili, moja ikiwa imeandikwa kwa mkondo geu pekee. Achague, aunge, kisha aeleze kwa maneno yake kwa nini ile nyingine ameiacha.